Taa Iliyosema Karibu

Kopo lilikuwa la majarini, lile kubwa la njano, na Mektilda hakuwa na sababu ya kudhani kwamba ndani yake mna kitu kingine. Alikuwa amekwisha shika kisu cha kupakia mkate. Alipofunua mfuniko akakuta kibao cha bluu kisichozidi ukubwa wa kiberiti, nyaya za rangi rangi zilizosokotana, na taa ndogo nyeupe iliyochomoza kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto.

"Mama, usiguse kwanza!" alisema Vaileth kutoka mlangoni.

Mektilda akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, na akaendelea kugusa.

Hivyo ndivyo alivyowajibu watu karibu wote siku hizi. Ukimwambia habari ya harusi, anatabasamu. Ukimwambia ng'ombe wako amekufa, anatabasamu vilevile. Watu wa kijiji chake, Samuye, walikuwa wameanza kunong'ona kwamba Mama Vaileth amerudi na maringo kutoka machimboni, na yeye alijua wanamsema, maana macho yake yalikuwa mazima kabisa. Aliona afadhali iwe hivyo. Kusemwa kwa maringo aliweza kukubeba. Kuhurumiwa, na watu wale wale aliocheza nao utotoni, hapana, hilo lingemshinda.

Ukweli wenyewe haukuwa na ajabu. Kwa miaka mingi alipika wali na maharage kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita, na banda lake lilipakana na karasha, ile mitambo ya kusaga mawe ya dhahabu, inayonguruma kuanzia asubuhi mpaka watu wanaota kelele zake. Pale kila mtu alizungumza kwa kupayuka, kwa hiyo hakutambua kwamba masikio yanamwacha taratibu. Alitambua aliporudi nyumbani, akajenga nyumba yake ya bati, akakaa kibarazani jioni ya kwanza ili asikilize ndege. Aliwaona juu ya ua wa minyaa wakifumbua na kufumba midomo. Sauti hakuipata. Lilibaki sikio la kulia peke yake, nalo mpaka mtu ainame karibu.

Vaileth, binti yake wa pekee, alikuwa fundi simu kule Kahama, karibu na stendi. Yeye aligundua bila kuambiwa, kwa sababu mama yake aliacha kupokea simu akawa anataka meseji tu. Aligundua akanyamaza, akangoja mama aseme mwenyewe. Mama hakusema. Sasa alikuwa amechoka kungoja, ndiyo maana alikuja na kopo.

Akapiga magoti upande wa kulia wa mama yake, akamsogelea. "Ni hodi, mama."

"Hodi gani?"

"Hodi yako. Ya kuona kwa macho."

Damu ilimpanda Mektilda usoni. Kumbe anajua! Na amejua tangu lini? Maneno makali yalikwisha fika kwenye ncha ya ulimi, lakini jicho lake lilikuwa bado limenasa kwenye ile taa ndogo, na udadisi wa mwanamke yule ulikuwa mkubwa kuliko hasira zake. Ndivyo alivyozaliwa.

"Nionyeshe kwanza," alisema. "Nitagomba baadaye."

Vaileth alichomeka kopo kwenye betri ya sola, akatoa simu yake. Akaeleza, kwa kinywa kipana ili mama asome midomo, kwamba kile kibao kina waifai yake chenyewe, hakidai bando wala mnara. Simu inajiunga nacho kama inavyojiunga na simu nyingine. Kisha unafungua pale unapofungulia mitandao, unaandika anwani yake, nambari zenye nukta nukta, halafu mkwaju, kile kistari kilichoinama, halafu neno moja tu. Akaandika washa. Akabonyeza.

Taa ikawaka.

Mektilda aliinama chini ya meza. Akapapasa nyuma ya kopo. "Waya uko wapi?"

"Hakuna waya, mama. Waya ukipita uani ng'ombe watauchana, na wasipouchana wao utaibiwa usiku wa kwanza."

"Sasa umeiambiaje?"

"Nimeiandikia. Nimesema washa, imewaka. Nikiiandikia zima, itazima."

"Lete hapa."

Akaipokea simu. Aliandika polepole kwa kidole kimoja, kwa mkono wa mtu aliyewahi kusoma masomo ya misa mbele ya kanisa zima. Zima, ikazimika. Washa, ikawaka. Zima. Washa. Alicheka peke yake. Halafu, kwa kuwa ilikuwa alasiri na adabu ni adabu, akaandika pale pale penye neno: mwadila. Ndivyo Wasukuma wanavyosalimiana jua likishapinduka.

Taa haikutikisika. Kwenye kioo yakatokea maneno: Samahani, sijaelewa.

"Nani ameandika haya?"

"Mimi. Neno lolote lisilo washa wala zima linajibiwa hivyo."

Mektilda aliyasoma tena yale maneno. Akaandika kuku, ikajibu samahani, sijaelewa. Akaandika jina lake mwenyewe, samahani, sijaelewa.

"Na haioni aibu?" aliuliza.

"Aibu ya nini?"

"Ya kusema haijaelewa."

Vaileth akainamia kopo. Alijifanya anakaza waya ambao ulikuwa umekaza tayari.

Jioni ile haikupikwa kitu mapema. Mektilda alimsimamisha binti yake kwenye mlango wa nyumba ili atazame taa, akampa kazi ya kuinua mkono kila inapowaka, naye akaondoka na simu kutafuta lile neno linaishia wapi. Jikoni, mkono ukainuka. Kwenye zizi la mbuzi, ukainuka. Kwenye lango la minyaa, ukainuka, na hata hatua kadhaa barabarani. Lakini nyuma ya tangi la maji mkono haukuinuka kabisa. Akarudi nyuma, akasogea mbele, akajaribu huku amechuchumaa. Alipoambiwa kwamba maji yanayameza mawimbi ya waifai, alitaka kujua kama maji ya ndoo nayo yanayameza, na kama ndoo haitoshi, je, ng'ombe? Maana ng'ombe naye ni maji matupu mle ndani. Akamsimamisha ng'ombe mmoja katikati ya njia, akaandika washa akiwa nyuma ya ubavu wake. Vaileth, mlangoni, alicheka mpaka akasahau kuinua mkono, ikabidi jaribio lirudiwe.

Walipokaa kula, Mektilda alikuwa na ombi. "Hiyo taa isiwake tu na kukaa. Iwake muda ule ule ambao mtu ameshikilia kidole. Akiachia, izime."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hodi hazifanani. Stanslaus mwenyekiti wetu anapiga hodi kama anapasua kuni. Lusia mkewe anaipiga kama anaomba msamaha. Mama Agapiti yeye..." Akachukua tonge, hakulila.

Mama Agapiti ni Suzana. Walipata kipaimara siku moja, wakaolewa msimu mmoja, na tangu Mektilda arudi kutoka Geita hapakuwa na mtu mwingine aliyekaa naye kubangua karanga. Hodi ya Suzana ilikuwa ndefu. Aliivuta kama anaimba, hooodi, akaipandisha mwishoni, na Mektilda angeitambua kati ya hodi mia. Ilikuwa sauti ya mwisho kumpotea. Kwa muda aliendelea kuipata kwa mbali wakati nyingine zote zimekwisha kwenda, mpaka siku moja nayo hakuipata.

Na siku hiyo ndiyo aliyofariki mama mzazi wa Suzana. Suzana alikuja mbio kumwambia Mektilda kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote. Alisimama langoni, akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Moshi ulikuwa unatoka jikoni kwa Mektilda. Mwenyewe alionekana mgongo, anakoroga ugali. Hakugeuka. Na mtu mwenye adabu zake, hodi tatu zikipita bila karibu, haingii, anageuza. Suzana aligeuza akilia. Mektilda alizipata habari za msiba kesho yake, kwa kuona watu wanapita na majamvi, akaenda akakaa nyuma kabisa pamoja na wageni, na hapo akazisoma hodi zile tatu midomoni mwa watu. Tangu hapo Suzana hakukanyaga kwake. Wakikutana kisimani ni salamu, basi.

"Ungemwambia, mama," Vaileth alisema sikioni.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba hukusikia."

Mektilda akatabasamu na kuitikia kwa kichwa. Vaileth alimjua, akaacha.

Asubuhi aliweka kitu cha pili langoni: kopo dogo lenye kibao kingine kama kile cha ndani, kitufe cha kengele, na taa ya kijani. Wageni wengi walikuwa na simu za vitochi, hawangeweza kuandika anwani za nukta nukta, kwa hiyo kopo la langoni lingewaandikia. Mtu akibonyeza, linatuma washa kwa kopo la ndani. Akiachia, linatuma zima. Kopo la ndani likipata ujumbe linajibu sawa, na sawa ikifika langoni, taa ya kijani inawaka ili mgeni asibaki anashangaa kama mti. Chini yake Vaileth akaandika kwa rangi nyeupe: BONYEZA. KIJANI NI KARIBU.

"Umewatangazia," Mektilda alilalamika.

"Nimewatangazia nini, mama?"

Hapo alikamatika, maana kujibu ni kuyataja masikio yenyewe. Akasema tu kwamba ile rangi ni mbaya. Binti akarudi Kahama, na watu walipouliza, Mektilda aliwaambia ni mambo ya kisasa kutoka mjini. Kama ni maringo, basi na yawe maringo yenye umeme.

Ajabu ni kwamba watu walikuja. Samuye nzima ilitaka kubonyeza. Mektilda aliliweka kopo la majarini dirishani, akakaa mbele yake na karanga zake, na ndani ya muda mfupi akaanza kuvijua vidole. Taa ikiwaka kwa kukatika ghafla ni Stanslaus. Ikiwaka, ikazima, ikawaka tena kwa wasiwasi, ni Lusia. Ikiwaka bila kikomo ni mbuzi anayejikuna kwenye nguzo. Alikuwa anatoka mlangoni akiita jina la mgeni kabla hajamwona, na mgeni anaduwaa. Hakuwa amefurahi namna ile tangu aondoke machimboni. Lakini kila taa ilipowaka moyo ulimruka kwanza, kisha ukarudi chini, kwa sababu kidole alichokuwa anakingoja hakikuwa hicho. Alijua kitakavyokuwa. Kitakuwa kirefu.

Jumamosi moja mchana aliingia kuoga. Bafu lake lilikuwa nyuma ya nyumba, limezungushiwa mabati, na alipenda kuimba humo nyimbo za kanisani, kwa sauti kubwa, kwani kifuani alikuwa bado anazisikia zikitetemeka. Alipotoka, nywele zikichuruzika, alikuta kigoda chake kimehamishwa kutoka kibarazani, kimewekwa kivulini. Juu ya kigoda kulikuwa na ungo.

Aliujua ungo huo, ulikuwa wake. Suzana aliuazima zamani, kabla ya mambo yale, na haukuwahi kurudi. Sasa umerudi, na ulikuwa mtupu. Hakuna mwanamke wa pale anayerudisha chombo cha mwenzake kitupu; hata kama huna kitu unaweka majani ya kunde. Chombo kikirudi kitupu, mwenye nacho anajua ameambiwa nini.

Mektilda aliuinua ungo kwenye mwanga. Udadisi haukumwacha hata katika saa ile. Kati ya misuko yake kulikuwa na vumbi jeupe na vipande vidogo vikavu. Akavichomoa kwa ukucha, akavitia mdomoni. Michembe. Viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa juani, na vya mwaka huu, bado vitamu. Basi ungo huu haukuja mtupu. Ulikuja umejaa, na mtu akakaa hapa kivulini, akangoja, kisha akamimina michembe kwenye khanga yake, akaacha ungo, akaondoka.

Alikimbia mpaka langoni na khanga moja. Hapakuwa na Suzana. Alikuwapo Stanslaus, ameshika baiskeli, anamtazama kwa jicho ambalo halikuhitaji masikio. Akamsogelea akamwambia kwa nguvu, na yeye akamsoma midomo:

"Mama Agapiti alibonyeza, kijani ikawaka, akaingia. Mimi nilikuwa hapa, nimeona. Amekuita weee! Wewe unaimba. Anaita, unaimba. Kama humtaki mtu, Mama Vaileth, usimwashie kijani."

Mektilda akatabasamu, akaitikia kwa kichwa. Safari hii tabasamu lilimuuma mashavu.

Ndani aliichukua simu kwa hasira, akamwandikia Vaileth. Kopo lako limemkaribisha Suzana nikiwa bafuni. Vaileth akajibu kwamba haiwezekani, kopo haliwezi kukaribisha mtu, linajibu tu kwamba ujumbe umefika. Mektilda akaandika: Umeandika pale langoni kijani ni karibu. Akasubiri. Akaandika tena: Nimeuliza, nani alimwambia karibu?

Jibu lilichelewa. Lilipokuja lilikuwa fupi. Hakuna mtu, mama. Nilisema mimi, nikiwa huku Kahama, kabla hata hajafika.

Kisha ikafuata meseji ndefu: kwamba amekosea, kwamba kwa mafundi sawa maana yake ni imefika tu, hakufikiria, kwamba Jumapili atakuja abadilishe, kijani isiwake mpaka mama mwenyewe abonyeze kitufe chake kule ndani. Mektilda aliisoma mpaka mwisho. Hasira zilikuwa zimepungua, zimebaki huzuni tupu. Fanya hivyo, aliandika. Lakini huyu hatabonyeza tena.

Hilo lilikuwa wazi kama jua. Suzana amekuja peke yake, bila kuitwa, na michembe, kumaliza mambo, na amekaribishwa na kopo. Hatarudi. Kama kuna wa kwenda, ni Mektilda mwenyewe.

Alijaza ungo karanga zilizobanguliwa, zote alizobangua akitazama dirishani. Akavaa gauni lake la misa. Akaenda.

Kwa Suzana kulikuwa na lango la minyaa kama kwake. Mektilda alisimama nje, ungo mkononi, akapiga hodi. Hapo ndipo lilipompata jambo ambalo, kwa udadisi wake wote, hakuwahi kulifikiria. Tangu masikio yaende hakuwa amebisha kwa mtu peke yake. Siku zote alifuatana na mwenzake, akaingia nyuma ya mgongo wake. Sasa alikuwa amesema hodi, na jibu, kama lipo, linapita hewani mbele ya uso wake bila kumgusa. Huenda Suzana amesema karibu. Huenda amesema ondoka. Huenda hayupo kabisa.

Akapiga hodi ya pili. Akalikazia macho pazia la mlango. Halikusogea.

Akapiga ya tatu. Kuku alipita. Na hodi tatu zimekwisha, na adabu inajulikana: mtu anageuza. Mektilda aligeuza. Alikuwa amekwisha inua mguu alipoliona tena, kama liko mbele yake barabarani, lile jibu la kopo kwenye kioo cha simu. Kitu chenye thamani ya sahani ya chipsi, hakina ukoo wala heshima ya kulinda, kinaulizwa kisichokijua na kinasema sijaelewa. Hakitabasamu. Hakiitikii kwa kichwa. Na mtu anajua aandike nini tena.

Akarudi pale langoni.

"Mama Agapiti!" alisema. "Kama umesema karibu, mimi sijasikia. Kama umesema niondoke, sijasikia vilevile. Masikio yangu yamekufa, Suzana. Yalifia kwenye karasha. Siku ile ya mama yako sikusikia. Leo bafuni sikusikia. Sisikii!"

Yeye alidhani anasema kwa sauti ya kawaida. Ilikuwa ni sauti ya machimboni, ile ya kuuza wali karasha ikisaga, na kitongoji kizima kiliacha shughuli zake kikasikiliza. Lusia alitoka kwake na mwiko mkononi. Stanslaus alishuka kwenye baiskeli.

Pazia likasogea. Suzana akatoka, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Akasimama. Mdomo wake ukawa unakwenda.

"Sijaelewa," Mektilda alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mbele ya mtu tangu arudi, na halikumuua. "Njoo upande huu. Huku, wa kulia. Sema tena."

Suzana akaja. Akamshika bega kwa mkono wa unga, akamwinamia sikioni, na pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Nimesema karibu hodi ya kwanza. Nikasema karibu hodi ya pili. Ya tatu nikasema karibu, na kama hutaki kuingia lala huko huko barabarani!"

Wakatazamana. Mektilda aliuona uso wa mwenzake ukianza kupiga hesabu ya mambo: lango lile, moshi ule, mgongo ule uliokuwa unakoroga ugali.

"Wewe Mektilda!" Suzana alimpiga begani, unga ukaruka. Alikuwa analia, na alikuwa amekasirika kweli. "Unaniacha nakuchukia bure! Mama yangu nimemzika nakuchukia bure! Ungesema, si ningepayuka? Mimi nashindwa kupayuka?"

"Hilo huwezi kushindwa," Mektilda alisema, naye analia.

"Ingia. Lete huo ungo. Na hizo karanga zimebanguliwa vibaya, naziona hapa."

Jumapili Vaileth alikuja, akafungua makopo yote mawili, akayaandikia upya. Kwenye kopo la majarini akaongeza kitufe cha mama. Langoni akafuta maneno ya zamani. Aliuliza aandike nini badala yake, akidhani ataambiwa kitu cha kuficha ficha, na mama yake akamwamuru aandike kwa herufi kubwa: MWENYE NYUMBA HASIKII. BONYEZA, UNGOJE AKUONE.

Mchana Mektilda alikaa dirishani na karanga. Vaileth alikuwa amelala kwenye mkeka, amechoka na safari. Taa ikawaka.

Haikukatika ghafla, wala haikupepesa kwa wasiwasi. Ilikaa. Mektilda aliweka karanga chini. Mkono ulikwenda kwenye kitufe, ukasita juu yake, kwa sababu alitaka kwanza kuiona yote. Taa ilikaa, ikakaa, imevutwa kama mtu anaimba, kisha ikazima kidogo, ikapiga mara moja tu, fupi, pale pale ambapo ile sauti ilikuwa inapanda mwishoni.

Ilikuwa ndefu vilevile. Hakukuwa na kilichopungua.

Akabonyeza.